Neno "Watu" Katika Haki za Binadamu: Uhakiki wa Tafsiri Moja

Neno mtu, pamoja na wingi wake watu, ni miongoni mwa maneno ya kwanza anayofundishwa mwanafunzi wa Kiswahili. Vitabu vingi vya sarufi hulitumia kuwa mfano wa ngeli ya kwanza, na shina lake, -tu, ndilo linalozaa utu, kitu na jitu. Kwa sababu ya wepesi huo ni nadra neno hili kutiliwa shaka. Mfasiri akikutana nalo hulipita mbio, akaenda kuhangaika na istilahi zinazoonekana ngumu: mamlaka, itifaki, mashtaka, fidia. Hata hivyo neno hili jepesi limebebeshwa mzigo mkubwa sana katika istilahi za sheria ya Afrika, nalo, kama itakavyoonyeshwa, haliwezi kuubeba.

Mzigo wenyewe umo katika jina la mahakama. Mahakama iliyoundwa kwa Itifaki ya Ouagadougou ya tarehe 9 Juni 1998, ikaanza kazi mwaka 2006 na kuhamia Arusha mwaka uliofuata, huitwa kwa Kiswahili Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Tume iliyoitangulia, yenye makao yake Banjul, huitwa kwa mtindo huo huo. Majina yote mawili yanatokana na Mkataba uliopitishwa na wakuu wa nchi za Afrika mjini Nairobi mwezi Juni 1981, na ulioanza kutumika tarehe 21 Oktoba 1986. Msomaji anayelisoma jina hilo bila nakala ya Kiingereza au ya Kifaransa pembeni hana budi kujiuliza: binadamu ni nani, na watu ni nani? Je, wako binadamu wasiokuwa watu? Swali lasikika kama mzaha. Lakini ndani ya swali hilo mna ardhi na misitu, mna pia hukumu mbili za Arusha, na mna jamii ambayo imefukuzwa makwao si mara moja.

Asili ya tatizo ni ya kisarufi. Kiingereza kina neno ambalo umbo lake ni la umoja na maana yake ni ya wingi, kisha neno hilo hilo hupewa wingi wa pili kwa kuongezwa herufi moja mwishoni. Wingi huo wa pili hauhesabu mtu mmoja mmoja. Huhesabu makundi, kila kundi likiwa kitu kimoja chenye historia, ardhi na desturi zake. Kifaransa kina peuple na peuples. Kiarabu kina shaab na wingi wake shuub, na ni jambo la kuvutia kwamba aya ya 13 ya sura ya Hujurat inataja shuub na kabail pamoja, kama vitu viwili tofauti. Kiswahili kilichukua kabila, kikaliacha shaab nje ya mlango. Wafasiri wa aya hiyo kwa Kiswahili wamezoea kusema mataifa na makabila, na hivyo wakaziba pengo kwa neno taifa, ambalo katika karne ya ishirini lilikwenda kufanya kazi nyingine kabisa.

Sasa tazama watu. Ni wingi wa mtu, basi. Hauna wingi wa pili. Hakuna mawatu wala mijiwatu isipokuwa kwa kutania. Upatanisho wa kisarufi nao unasisitiza jambo hilo hilo, kwani watu walihamishwa ni mtu alihamishwa aliyerudiwa mara nyingi. Ngeli hii huhesabu vichwa. Ndiyo maana tafsiri ya Kiswahili ya Taarifa ya Ulimwengu juu ya Haki za Binadamu ya mwaka 1948, katika kifungu chake cha kwanza, haikuona haja ya kutumia neno binadamu. Ilisema watu wote, na kila msomaji akaelewa kuwa ni wanadamu wote, mmoja mmoja. Tafsiri hiyo ilikuwa sahihi. Mfasiri wa jina la Mkataba wa Afrika alilikuta neno lile limekwisha ajiriwa, akaliajiri mara ya pili kwa kazi nyingine, katika sentensi moja na bwana wake wa kwanza.

Atatokea mtu wa kupinga kwamba watu ina maana ya kundi pia, na upinzani huo una ukweli ndani yake. Husemwa watu wa Pwani, watu wa bara, watu wa Musa. Mzee akisema watu wangu, hamaanishi binadamu anaowamiliki. Anamaanisha ukoo wake. Lakini yafaa kuchunguza maana hiyo ya kundi inatoka wapi. Haitoki katika neno watu; inatoka katika kimilikishi kinachofuata. Ukiondoa wa Pwani, kundi limetawanyika. Na hata kimilikishi kikiwapo, hakisemi ni kundi la namna gani. Mjini Eldoret mtu akisema kwamba watu wa West Indies wamekosa maji, kila anayemsikia anafahamu kuwa wanaotajwa ni wakaazi wa mtaa huo, wawe wa asili yoyote, wawe wamezaliwa hapo au wamehamia mwezi uliopita. Mmoja wao akihamia Langas au Kapsoya, anakuwa mtu wa Langas au wa Kapsoya jioni ile ile, na hakuna sheria inayomzuia wala ibada ya kumpokea. Maneno hayo hayo, watu wa West Indies, yanatosha pia kuwataja wenyeji wa visiwa vya mbali vyenye jina hilo, waliogawanyika katika dola kadhaa, Jamaica na Barbados na nyinginezo, kila moja na bendera yake. Kiswahili hakijali. Mtaa na visiwa vimekaa katika kifungu kimoja cha maneno. Katika mazungumzo ya dukani hilo si tatizo. Katika sheria ni tatizo kubwa.

Ukubwa wake unaonekana mtu anapojaribu kuusoma Mkataba wenyewe kwa Kiswahili hiki. Mkataba umepangwa kwa makusudi: kwanza haki za mtu mmoja, kisha, kuanzia kifungu cha 19 hadi cha 24, haki za makundi. Kifungu cha 19 kinasema kwamba makundi hayo ni sawa na kwamba hakuna linaloruhusiwa kulitawala jingine. Kikitiwa neno watu, kinakuwa watu wote ni sawa, yaani jambo ambalo kifungu cha 3 kimekwisha kulisema kuhusu kila mtu mbele ya sheria. Kifungu cha 20 kinalipa kundi haki ya kuwako, lisifutwe wala kumezwa. Kikitiwa neno watu, kinakuwa watu wote wana haki ya kuishi, na hapo kimeanguka juu ya kifungu cha 4, ambacho ni cha uhai wa mtu binafsi. Kifungu cha 21 ndicho cha hatari zaidi. Kinahusu mali na maliasili, na kuwapa makundi uhuru wa kuzitumia kwa manufaa yao. Kwa Kiswahili cha watu wote, kifungu hiki kinakaribia kuwa kibali cha kila mwenye shoka kuingia msituni. Vifungu sita vya Mkataba, ambavyo ndivyo hasa vinavyoutofautisha na mikataba ya Ulaya na ya Marekani, vinayeyuka na kuwa marudio ya vile vilivyotangulia.

Ni kweli kwamba waliouandika Mkataba hawakulifafanua neno hilo hata katika lugha zao. Waliliacha wazi kwa makusudi, na Tume yenyewe imekiri hivyo. Lakini kuliacha neno wazi si sawa na kulikosa. Neno lililoachwa wazi mahakama yaweza kulijaza. Msomaji wa Kiswahili hana cha kujaza.

Mahakama ya Arusha ililijaza tarehe 26 Mei 2017, katika shauri la Waogiek wa msitu wa Mau. Inafaa kulieleza shauri hili kwa kirefu kidogo, kwa kuwa lilitegemea neno moja hilo kuliko jambo jingine lolote.

Waogiek ni wawindaji na warina asali. Kwa mujibu wa maombi yaliyopelekwa Arusha, walikuwa wapata 20,000, na kati yao 15,000 hivi waliishi katika msitu wa Mau, wenye ukubwa wa hekta 400,000 takriban. Kiswahili kiliwajua kwa jina jingine: Wandorobo. Jina hilo ni la Kimaasai, na maana yake ni watu maskini, wasio na ng'ombe. Likaingia Kiswahili, likavishwa kiambishi wa-, likawa jina la kawaida katika vitabu na katika ofisi za wakoloni. Hapa Kiswahili hakiwezi kujivua lawama. Kundi zima liliitwa kwa kitu ambacho halikuwa nacho, na jina lililokuwa tusi la jirani likageuka kuwa istilahi ya serikali. Tume ya Ardhi ya Kenya ya miaka ya 1932 hadi 1934, chini ya Morris Carter, iliwatazama kwa jicho hilo hilo. Ilipendekeza wahamishiwe katika maeneo ya makabila yaliyofanana nao na kuchanganywa humo. Pendekezo hilo lilikuwa na mantiki yake: asiye kundi hahitaji ardhi ya kundi.

Mwezi Oktoba 2009 Waogiek na wakaazi wengine wa Mau walipewa notisi ya siku 30 kuondoka msituni. Malalamiko yalipelekwa kwa Tume ya Banjul mwezi uliofuata, na mwaka 2012 Tume ikaifikisha Kenya mbele ya Mahakama. Njia hii ndefu haikuchaguliwa kwa kupenda. Kenya haijatoa tamko la kuwaruhusu raia na jumuiya zisizo za kiserikali kwenda moja kwa moja Arusha, kwa hivyo ni Tume pekee iliyoweza kuwabeba. (Tanzania, mwenyeji wa Mahakama, ilikuwa imetoa tamko hilo, ikaliondoa mwezi Novemba 2019, na mlango ukafungwa mwaka mmoja baadaye.)

Serikali ilijitetea kwa hoja kadhaa, na ile inayomhusu mwanaisimu ni hii: kwamba Waogiek si kundi tofauti, na kwamba hawa wa leo wamebadilika, si wale wa zamani. Hoja ya namna hiyo ilikuwa imekwisha kutolewa dhidi ya Waendorois, walioondolewa kando ya Ziwa Bogoria katika miaka ya 1970. Ilisemwa kwamba Waendorois hawana tofauti na Watugen wengine. Tume iliikataa hoja hiyo katika uamuzi wake wa mwaka 2009. Katika eneo la Bonde la Ufa hoja hii ina mvuto wake, kwa kuwa lugha za makundi haya ni za jamaa moja, na jina moja pana, Kalenjin, limezifunika zote. Jina Kalenjin lenyewe si la kale. Lilienea katika miaka ya 1940, likichangiwa na matangazo ya redio, na maana yake ni nakuambia tu. Msemo wa mtangazaji ulizaa kundi la mamilioni, na hakuna leo anayelikana kundi hilo. Basi ni ajabu kwamba makundi madogo yaliyokuwapo kabla ya redio ndiyo yanayodaiwa uthibitisho.

Mahakama ilikubali kwamba Waogiek ni jamii ya wenyeji asilia. Ilitazama kwamba walikuwapo katika ardhi ile kabla ya wengine, kwamba wamehifadhi desturi zao kwa hiari, kwamba wanajitambua hivyo na kutambuliwa hivyo, na kwamba wameonewa na kutengwa. Kisha ikaligusa neno lenyewe. Ilisema kwamba Mkataba haukulifafanua, na kwamba hapo mwanzo lilikusudiwa hasa wananchi wote wa dola dhidi ya utawala wa kigeni. Ikaongeza kwamba halina budi kuyahusu pia makundi yaliyomo ndani ya dola, mradi yasihujumu mamlaka na mipaka ya dola hiyo. Kwa msingi huo ikaamua kwamba Kenya imevunja, pamoja na vifungu vingine, vile vya 21 na 22, ambavyo ni vya makundi tu. Kifungu cha 4, cha uhai wa mtu, Mahakama ilikataa kwamba kimevunjwa.

Hapa ndipo tafsiri inapoumiza. Waogiek walishindwa katika kifungu cha uhai wa mtu binafsi, wakashinda katika vifungu vya kundi. Ushindi wao wote wa maliasili umesimama juu ya tofauti kati ya watu waliohesabiwa kwa vichwa na kundi lililo kitu kimoja. Tofauti hiyo ndiyo Kiswahili cha Binadamu na Watu kimeifuta. Anayeisoma hukumu kwa Kiswahili hicho hawezi kueleza walishinda nini. Atasema walipewa haki za watu, na jirani yake msituni, aliyenunua shamba kwa cheti cha mtu fulani, atajibu kwamba naye pia ni mtu. Hatakuwa amekosea.

Hukumu ya fidia ilitolewa tarehe 23 Juni 2022: shilingi 57,850,000 kwa hasara ya mali, na shilingi 100,000,000 kwa madhara yasiyo ya mali. Mahakama iliamuru pia ardhi ya Waogiek ipimwe na kutolewa hati ya pamoja, na ikaamuru watambuliwe kikamilifu kuwa wenyeji asilia, pamoja na kutambuliwa kwa lugha yao. Kisha, katika amri ya kuitangaza hukumu, iliagiza kwamba muhtasari wake rasmi wa Kiingereza uchapishwe katika gazeti rasmi la Serikali na katika gazeti moja linalosomwa nchini kote. Wa Kiingereza. Mahakama iliyo Arusha, ikiihukumu nchi ambayo Katiba yake ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na ikitoa katika hukumu hiyo hiyo amri ya kuitambua lugha ya Kiogiek, haikuona haja ya muhtasari wa Kiswahili. Mwezi Februari mwaka huo huo wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikuwa wamekubali mjini Addis Ababa kwamba Kiswahili kiwe lugha ya kazi ya Umoja. Yaelekea habari hiyo ilikuwa bado njiani.

Ikiwa muhtasari wa Kiswahili utaandikwa, na hauna budi kuandikwa, neno gani litumike? Maneno yaliyopo ni machache na kila moja lina kilema.

Kabila litapendekezwa kwanza, kwani ndilo linalotamkwa na kila mtu. Lakini mjini Eldoret, na katika Kenya nzima, neno hili halikubaki salama baada ya machafuko ya Desemba 2007 na miezi iliyofuata. Ukabila ni jina la kosa. Isitoshe, Waogiek na Waendorois walikuwa wakipambana na hoja kwamba wao ni sehemu tu ya kabila kubwa zaidi, na kuwaita kabila ni kulirudisha shauri mwanzo. Taifa nalo limekwisha kwenda na dola: timu ya taifa, wimbo wa taifa, Umoja wa Mataifa. Hakuna serikali ya Afrika itakayokubali kusoma kwamba kundi la warina asali ni taifa, na Mahakama yenyewe iliweka sharti la kutogusa mamlaka ya dola. Kaumu linajulikana kwa wasomaji wa tenzi na wa maandishi ya dini. Maana yake ndiyo hasa inayotakiwa, lakini neno linalohitaji kufafanuliwa kwa mkulima wa Narok kabla halijamfafanulia haki yake litasubiri sana. Wenyeji ni neno zuri, lenye heshima, ila lina kasoro kwamba mwenyeji ni pia yule anayempokea mgeni usiku mmoja.

Umma linastahili kutazamwa zaidi, kwa sababu lina hadhi, ni la kundi kwa asili yake, na wengi watalipenda. Kwa bahati mbaya ndilo neno litakalowadhuru Waogiek kuliko yote. Katika Kiswahili cha siasa tangu uhuru, umma ni wananchi wote kwa pamoja, na kwa vitendo ni serikali inayosema kwa niaba yao. Mali ya umma ni mali ya serikali. Sasa, Katiba ya Kenya, katika kifungu cha 61, imeigawa ardhi katika aina tatu, ambazo kwa Kiswahili huitwa ardhi ya umma, ardhi ya jamii na ardhi ya binafsi. Misitu ya serikali imewekwa na kifungu cha 62 katika ardhi ya umma. Ardhi ya mababu na ile iliyokaliwa kimila na jamii za wawindaji imewekwa na kifungu cha 63 katika ardhi ya jamii. Mau imekaa katika mgogoro wa vifungu hivi viwili. Shirika la misitu linasema ni ya umma. Waogiek wanasema ni ya jamii. Mfasiri atakayeandika haki za binadamu na umma atakuwa ameihamisha haki ya Waogiek na kuiandika kwa jina la mpinzani wao, tena kwa nia njema.

Linabaki jamii. Ndilo neno la Katiba inaposomwa kwa Kiswahili, na ndilo linalotumika katika kuitaja Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016. Hii ni sababu tosha ya kulipa kipaumbele, kwa kuwa istilahi ya mahakama ya nje ikikutana na istilahi ya sheria ya ndani, mtu anaweza kutembea kutoka moja hadi nyingine bila kubadili viatu. Lakini si neno safi. Kwa watu wa Mombasa na Lamu jamii huwa karibu na jamaa, ndugu wa damu. Katika magazeti ya Nairobi hutumiwa kuwa jina la adabu la kabila. Na kuna upinzani wa kitaalamu ulio mzito zaidi: haki za jamii zitachanganywa na haki za kijamii, zile zinazotajwa pamoja na haki za kiuchumi na za kiutamaduni, ambazo ni haki za mtu mmoja kupata elimu, matibabu na makazi. Silabi moja, ki-, itakuwa imewekwa ilinde mpaka kati ya matawi mawili ya sheria. Wanafunzi wataikosea kila mwaka.

Hata hivyo lugha ina njia yake ya kutokea hapa, nayo ni ya zamani. Jamii halibadiliki katika wingi, lakini Kiswahili kina kila, neno linalogawa na kuhesabu bila kuhitaji wingi. Haki za binadamu na za kila jamii. Kila inakataa kusomwa kuwa jamii yote kwa ujumla, na hivyo inazuia maana ya umma. Inalazimisha makundi yahesabiwe moja moja, na ndivyo ule wingi wa pili wa Kiingereza unavyofanya kwa herufi moja. Inaitenga pia na kijamii, kwa kuwa hakuna asemaye kila kijamii. Na lile za lililorudiwa linamzuia msomaji asidhani kwamba binadamu na jamii ni jina moja la vitu viwili. Tukirejea vifungu vilivyovunjika hapo juu: kila jamii ni sawa na nyingine, kila jamii ina haki ya kuwako, kila jamii itatumia kwa hiari maliasili yake. Kifungu cha 20 hakianguki tena juu ya cha 4, na mwenye shoka wa kifungu cha 21 hana tena kibali, isipokuwa aonyeshe jamii yake.

Jina la Mahakama lenyewe huenda lisibadilike. Limekwisha chongwa katika vibao na mihuri, na majina ya taasisi huzoeleka hata yakiwa mabovu. Hilo si la kupigania. Linalofaa kupiganiwa ni matini: Mkataba, muhtasari wa hukumu, na maelezo yanayosomwa barazani. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyoanza kazi Zanzibar mwaka 2015, ni chombo cha nchi nyingi kama ilivyo Mahakama, na kutoka Unguja hadi Arusha si mbali. Mpaka sasa mjadala mkubwa wa Kiswahili katika vyombo hivi umekuwa juu ya cheo: kiwe lugha rasmi, kiwe lugha ya kazi, kiwe na siku yake tarehe 7 Julai. Cheo kimepatikana kwa kiasi kikubwa. Kazi ya ndani ya neno moja moja, ambayo haipigiwi makofi, haijaanza kwa kiwango kinachostahili, na wa kulaumiwa katika hilo ni idara za lugha kabla ya wanasheria.

Wako watakaosema kwamba Waogiek hawakufukuzwa kwa sababu ya ngeli, na kwamba hakuna askari wa msitu anayesoma kamusi kabla ya kubomoa nyumba. Ni kweli. Mwezi Novemba 2023, miaka sita baada ya hukumu ya kwanza na mwaka mmoja na miezi baada ya ile ya fidia, familia za Waogiek zilifukuzwa Sasimwani katika Mau, na hukumu zote mbili zilikuwapo kwa Kiingereza kilicho wazi kabisa. Neno zuri halizuii nyundo. Lakini hukumu ya Arusha haina polisi wake. Inategemea kusemwa: na chifu barazani, na mtangazaji wa redio, na diwani anayeomba kura, na mzee anayebishana na mpimaji wa ardhi. Wote hao husema Kiswahili wanapovuka mpaka wa lugha zao za nyumbani, na ni katika kuvuka huko ambapo Mwogiek hukutana na yule asiye Mwogiek. Mpimaji akifika na minyororo yake, ataulizwa anapima ardhi ya nani. Akijibu kwamba ni ardhi ya watu, kila aliyesimama pale atasogea mbele.